Ukumbi wa Nyumbani: Yai la Mbwa wa Jirani



Huenda baadhi yenu mkastaajabu kuona ukumbi huu, uliozoea kuzungumza nanyi juu ya malezi na mapishi, leo unazungumzia chakula cha mbwa. Nawaombeni mnisikilize kwanza. Wengi wetu hatufugi mbwa majumbani mwetu, lakini tunaishi miongoni mwa watu wanaowafuga, na haki ya jirani haiangalii dini ya jirani. Iko siku utagongewa mlango uombwe msaada, na msaada wenyewe utakuwa na miguu minne na mkia.

Mimi yamenifika. Jirani yetu hapa Uingereza ni bibi mzee, mjane. Tulipohamia mtaa huu ndiye aliyekuwa akitusomea barua za serikali tusizozifahamu, na ndiye aliyekaa na wanangu usiku niliokwenda kujifungua. Alipoanguka ngazini akavunjika nyonga, alinikabidhi ufunguo wa nyumba yake akaniomba jambo moja tu: nimwangalilie mbwa wake mpaka atakaporudi kutoka hospitali. Ni mbwa mdogo, wa kilo kama nane. Akabaki kwao, nami na mwanangu mkubwa tukawa tunaingia asubuhi na jioni.

Kabatini mlikuwa na makopo ya chakula chake. Niliposoma kwamba mna nyama ya nguruwe, nilichukia kuyashika. Nikasema moyoni: yai ni halali, lina nguvu, tena halikosekani jikoni kwangu. Basi kila asubuhi nikawa nampelekea fungu la mayai niliyowakaangia watoto, kwa vitunguu vingi, nyanya na chumvi, kama tunavyoyala sisi. Mbwa akila huku akitikisa mkia, nami nikidhani natenda wema.

Siku ya tano alikataa chakula. Akatapika, akawa hana nguvu hata ya kuinuka, na mkojo wake ukageuka rangi ya chai kavu. Tukamkimbiza kwa daktari wa wanyama. Swali lake la kwanza lilikuwa: amekula nini? Nilipomweleza, alinijibu kwamba yai halina kosa, kosa ni la kitunguu.

Kumbe kitunguu, kiwe kibichi, kilichopikwa au cha unga, na kitunguu thomu kadhalika, huziharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Na madhara yake aghalabu hayadhihiri ila baada ya siku kadhaa, ndiyo maana mtu huweza kulisha leo, kesho na keshokutwa bila ya kushuku lolote. Mbwa alilazwa, akatibiwa, na Alhamdulillahi akapona.

Daktari hakunikataza yai. Alinifundisha namna ya kulitoa, nami nawapa mafunzo hayo kama nilivyoyapokea.

Kwanza, yai lichemshwe mpaka ute na kiini vigande, kiasi cha dakika kumi tangu maji yaanze kutokota. Yai bichi huweza kuwa na vijidudu vya salmonela. Mbwa huenda asiugue, lakini akavitoa kwa choo chake na mate yake, na wanaodhurika upesi ni watoto wadogo, wazee na wajawazito. Wakazi wa zamani wa Uingereza wanakumbuka mtafaruku wa Desemba 1988, pale waziri mdogo wa afya, Edwina Currie, aliposema kwamba mayai mengi ya nchi yameingiwa na salmonela. Mauzo yakaporomoka na yeye akajiuzulu mwezi huo huo. Tangu 1998 mayai yenye alama ya simba hutoka kwa kuku waliochanjwa, na mwaka 2017 serikali iliwaruhusu hata wajawazito kuyala bila ya kuiva sana. Hata hivyo, si kila yai lina alama hiyo, na kuchemsha hakugharimu kitu.

Pia ute mbichi una kitu kiitwacho avidini, ambacho huizuia vitamini ya bayotini isitumike mwilini. Yai bichi moja kwa bahati mbaya halitamdhuru mbwa kwa sababu hiyo, bali mazoea ya kila siku ndiyo mabaya. Moto huiondoa nguvu avidini.

Pili, lisitiwe kitu chochote: si chumvi, si samli, si bizari, wala vitunguu. Mafuta mengi huweza kuwasha kongosho la mbwa, na hayo ni maradhi mazito. Ganda litupwe, kwani vipande vyake vikali huweza kumkwaruza koo.

Tatu, yai ni kionjo, si mlo. Vionjo vyote vya siku visizidi sehemu moja katika kumi ya chakula chake. Mbwa wa kilo nane huhitaji kalori kama 500 kwa siku, na yai moja lina kama 70. Maana yake nusu yai yamtosha, na si kila siku. Chakula chake alichokizoea kisibadilishwe ghafla. Ikiwa kopo lina usichotaka kukigusa, muulize mwenyewe kama yuko radhi umnunulie la samaki au la kuku, ulichanganye kidogo kidogo na lile la zamani. Au vaa glavu.

Nne, mara ya kwanza mpe kipande kidogo, kisha ungoje siku moja. Akijikuna, akitapika au akiharisha, basi yai halimfai. Mbwa mwenye maradhi ya figo au ya kongosho asipewe kabla ya kuulizwa daktari wake.

Nawatahadharisha pia na sahani za sikukuu. Watoto wetu wana huruma, na mbwa akiwatazama kwa jicho la kuomba humtupia walicho nacho. Zabibu, mbichi na kavu, huweza kuharibu figo za mbwa, nasi tambi zetu za Idi hazikosi zabibu kavu. Chokoleti nayo ni sumu kwake.

Ama kwa upande wa tohara, wengi wetu tuliolelewa pwani tumefuata madhehebu ya Imam Shafi, na mate ya mbwa kwetu ni najisi nzito: chombo au nguo iliyoguswa huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Wamaliki wana rai nyingine, na mwenye shaka amuulize sheikh wake. Mimi nilimtengea mbwa bakuli lake palepale kwao, nikawa na glavu na nguo maalumu ya kazi hiyo. Sharia ya tohara haikutukataza huruma. Nani kati yetu hakusimuliwa hadithi ya yule mtu aliyeshuka kisimani, akamtekea maji kwa khofu lake mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, naye akasamehewa dhambi zake?

Lililonielemea kuliko malipo ya daktari ni kwenda hospitali kumweleza mwenyewe. Mwanangu alinishauri ninyamaze, maadamu mbwa amekwisha pona. Lakini amana iliyofichwa kasoro yake ni amana iliyokwisha vunjwa. Nilikaa kando ya kitanda, nikamweleza yote: makopo niliyoyaacha, vitunguu, na siku ile ya tano. Yule bibi alinyamaza kitambo, akiutazama mguu wake. Kisha akaniuliza kama ufunguo bado ninao. Nikamjibu kwamba ninao, na kwamba nimekuja nao ikiwa anautaka.

Akaniambia nikae nao.

Basi, wasomaji wangu, jirani akikuomba umlishie mnyama wake, usione haya kumuuliza: anakula nini, kiasi gani, na nini hali? Maswali hayo ni mepesi, nami laiti ningeyauliza siku niliyopewa ufunguo.

Tukutane toleo lijalo, Inshaallah. Wabillahi tawfiq.