Dawa ya maumivu si anasa kwa majeruhi

Januari 2025, vita vilipofika ndani ya mji wa Goma, hospitali ya Ndosho ilipokea majeruhi kupita uwezo wake. Katika siku kama hizo, familia hutafuta damu, hutafuta pesa, hutafuta chakula cha mgonjwa. Maumivu yenyewe yanaachwa nyuma. «Avumilie, ni mwanaume.» Na muganga akitaja morfini, wazee wanashtuka: hiyo si ya wanaokaribia kufa?

Hapana. Na uvumilivu huo una bei yake.

Mwili uliopigwa risasi haukai kimya. Ubongo ukipata habari ya maumivu, adrenalini na kotisoli zinamwagwa katika damu. Moyo unakimbia, mishipa inabana, sukari inapanda hata kwa mtu asiye na kisukari. Kwa dakika chache hiyo inamsaidia mtu kukimbia hatari. Ikidumu siku nyingi inakuwa mzigo: moyo unadai oksijeni ambayo damu iliyopungua haiwezi kuleta, misuli inaliwa, kidonda kinachelewa kupona. Mwenye jeraha la kifua au tumbo anaogopa kuvuta pumzi ndefu na kukohoa, kisha mapafu yanashikwa na maambukizi.

Jambo ambalo wengi hawalijui: hata mtu aliyelazwa kwa dawa ya usingizi, mwili wake bado unaitikia kisu. Kulala ni kitu kimoja, kuzuia maumivu ni kingine. Ndiyo sababu wakati wa upasuaji hutolewa fentanili au morfini, na pale vifaa vinapokosekana, ketamini.

Hatari ipo, isifichwe. Morfini ikizidi inapunguza pumzi, na mtu aliyepoteza damu nyingi hupewa kidogo kidogo, muuguzi akihesabu pumzi zake. Dawa ya kuirudisha nyuma ipo, inaitwa naloksoni. Lakini kumpa mgonjwa siku chache chini ya ulinzi wa wauguzi hakufanani na tramadoli inayonunuliwa barabarani bila karatasi ya muganga.

Aibu kubwa iko kwingine. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilionyesha kwamba kati ya tani karibu 300 za dawa za aina ya morfini zinazogawanywa duniani kila mwaka, nchi maskini zaidi zilipata tani 0.1 tu. Wala si kwamba morfini ni ghali. Jirani zetu Uganda wanachanganya unga wake na maji, na wagonjwa wanaipata bure. Kinshasa na wafadhili wanaohesabu bandeji na mahema wanapaswa kuihesabu pia.

Kwa walio kambini: kabla majeruhi hajaingia chumba cha upasuaji, mwambieni muganga kila kidonge alichomeza, tramadoli na pombe zikiwemo. Si kwa kumshitaki. Kipimo cha dawa kinategemea jibu hilo.