Kukisia Oili ni Kumwibia Dereva

Katika vitongoji vya pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala, Chamazi na Buza upande wa Temeke hadi Tegeta, Boko na Bunju upande wa Kinondoni, upo uzembe unaotendeka kila asubuhi hadharani, wala haumshangazi mtu. Pikipiki huletwa kwa fundi chini ya mti. Fundi huiegemeza kwenye stendi ya pembeni, kando ya mtaro, hufungua nati ya chini na kuacha oili chafu ichuruzike. Kisha hufunga nati, humimina chupa nzima ya oili mpya, hukaza kifuniko, hupokea ujira wake na kusema, "Tayari." Dereva hupanda na kuondoka. Hakuna aliyepima. Fundi hajui ni oili kiasi gani iliyomo ndani ya injini ile. Dereva naye hajui. Na mwenye chombo, ambaye jioni atadai hesabu yake kamili bila ya kupungua hata shilingi, hajui na wala hakuuliza.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni dogo mno kujadiliwa gazetini. Watu hao hawaishi Chamazi wala Mabwepande. Laiti wangeishi huko wangefahamu kwamba daladala huishia barabara kubwa, na kwamba baina ya barabara hiyo na nyumba za wananchi kuna mwendo mrefu wa mchanga, makorongo na madimbwi, ambao hakuna chombo kinachoumudu isipokuwa pikipiki. Mgonjwa hupelekwa zahanati kwa pikipiki. Mama lishe hupeleka unga na mkaa wake kwa pikipiki. Tangu Kanuni za mwaka 2010 zilipoitambua pikipiki kuwa chombo halali cha kubeba abiria kwa malipo, maelfu ya vijana wamepata riziki yao juu ya kiti hicho. Basi injini ile inapokufa kwa sababu ya kukisia, hasara yake haimwangukii mtu mmoja tu.

KAZI YA OILI

Hapana budi kwanza ieleweke kwa nini pikipiki haivumilii makisio. Gari dogo hubeba oili lita tatu au nne, na gia boksi yake ina oili yake yenyewe. Pikipiki ya mipigo minne ya aina wanayotumia madereva wetu hubeba lita moja hivi tu, pengine pungufu kidogo, pengine zaidi kidogo. Lita hiyo moja ndiyo inayolainisha pistoni na silinda, ndiyo inayolainisha gia, ndiyo inayoziogesha sahani za klachi, na ndiyo inayosaidia kuondoa joto katika injini ambayo aghalabu haina maji ya kuipoza. Kwa hiyo robo lita ikikosekana katika gari, dereva pengine hataona lolote kwa siku nyingi. Robo lita ikikosekana katika pikipiki, karibu robo ya oili yote imekosekana, nayo pikipiki hiyo ina abiria wawili mgongoni na inapanda mchanga kwa gia ya kwanza chini ya jua la saa nane.

Oili ikipungua, joto hupanda, ringi hulika, silinda huchubuka, na mwisho pistoni hung'ang'ania ndani ya silinda. Vijana wa vijiweni husema injini "imenoki". Wapo wanaojidanganya kwamba afadhali oili izidi kuliko kupungua. Nao wamepotea. Oili ikizidi, sehemu zinazozunguka huichapa mpaka ikafanya povu, na povu halilainishi kama oili inavyolainisha. Oili ya ziada husukumwa kupitia njia ya hewa hadi kwenye chujio la hewa, moshi hutoka, sili huanza kuvuja, na dereva huambiwa na fundi yule yule kwamba injini "imechoka" na inahitaji kufunguliwa. Injini haikuchoka. Imejazwa kupita kiasi.

NAMNA YA KUPIMA

Kupima hakuhitaji shahada wala mtambo wa thamani. Oili chafu imwagwe injini ikiwa na uvuguvugu, pikipiki ikiwa imesimama wima, ili itoke yote. Kwani oili ya zamani ikibaki ndani na chupa nzima ikamiminwa juu yake, tayari kipimo kimezidi. Oili mpya imiminwe kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki hiyo, na ni busara kubakiza kidogo ndani ya chupa. Kisha injini iwashwe na iachwe iungurume polepole kwa dakika mbili au tatu, ili oili ipite katika vijia vyake vyote na kulijaza chujio. Baada ya hapo izimwe na isubiriwe kwa dakika nyingine mbili au tatu, ili oili iliyopanda juu irudi chini.

Ndipo kipimo kifanyike, pikipiki ikiwa wima kabisa mahali pa tambarare. Yenye stendi ya kati isimamishwe kwa stendi hiyo. Isiyo nayo ishikwe wima na mtu wa pili. Kijiti kitolewe, kifutwe kwa kitambaa safi, kirudishwe, kisha kitolewe tena na kusomwa. Oili lazima iwe baina ya alama ya chini na alama ya juu. Katika pikipiki zenye kioo kidogo pembeni mwa injini, oili ionekane baina ya mistari miwili. Ikipungua iongezwe kidogo kidogo, ikizidi ipunguzwe. Kazi yote hiyo haimalizi dakika kumi.

Mtu anayeziruka hatua hizi hudanganywa na kijiti chenyewe, na hudanganywa kwa namna tatu. Uongo wa kwanza ni wa stendi ya pembeni. Stendi hiyo huinamisha pikipiki upande wa kushoto, na kwa kuwa katika pikipiki nyingi kijiti au kioo kipo upande wa kulia, oili hukikimbia na kuonyesha upungufu ambao haupo. Fundi huongeza, naye anaharibu. Uongo wa pili ni wa kupima kabla ya kuwasha. Oili yote bado imelala chini, kijiti kinasema imejaa, kumbe injini ikishawaka sehemu ya oili hiyo itaingia katika chujio na vijia, na kimo kitashuka. Uongo wa tatu ni wa kukifunga kijiti wakati wa kupima. Katika pikipiki nyingi kijiti hupimwa kikiwa kimekalia mdomo wa tundu tu bila ya kuzungushwa. Kikikazwa huzama zaidi na kuonyesha oili nyingi kuliko iliyopo. Zipo pia aina ambazo watengenezaji wake wameagiza kijiti kikazwe. Mwamuzi wa jambo hilo ni kitabu cha pikipiki yenyewe. Mazoea ya fundi hayana kura hapo.

NANI ANAYELIPA

Hapa ndipo suala la oili linapoacha kuwa la ufundi peke yake na kuwa la haki. Vijana wengi wanaoendesha pikipiki vitongojini si wenye vyombo. Wengine hupeleka hesabu kila siku kwa tajiri. Wengine wamo katika mkataba: hulipa kila siku au kila wiki kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi, na malipo yakitimia pikipiki huwa mali yao. Mikataba ya namna hiyo kwa kawaida humtwika dereva matengenezo yote. Injini ikinoki mwezi wa nane, dereva hununua pistoni, ringi na silinda, humlipa fundi, hukaa siku kadhaa bila kazi, na siku zote hizo deni la mkataba linaendelea kuhesabiwa. Akishindwa, pikipiki hurudi kwa tajiri, nayo miezi minane ya jasho inatoweka. Kwa dereva wa hesabu mambo si mema zaidi, kwa maana huambiwa kwamba ameua chombo cha watu na kuachishwa kazi bila ya ushahidi wowote.

Ushahidi ungetoka wapi, iwapo hakuna aliyepima? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kijiti cha oili ndilo daftari la injini. Tajiri anayedai hesabu ya fedha kila jioni, lakini hajawahi kudai hesabu ya oili hata mara moja kwa mwezi, ameamua kwamba faida ni yake na hasara ni ya mwingine. Huo ni unyonyaji, hata kama mnyonyaji mwenyewe ni mtumishi wa mshahara mdogo mwenye pikipiki moja tu.

Balaa huzidi pale chombo kinapopita mikononi mwa deiwaka, yaani kijana anayeazimwa pikipiki kwa saa chache ili naye apate chochote. Deiwaka hakumwaga oili, hakumwona fundi, wala hakuelezwa lolote. Akisikia mlio usio wa kawaida huongeza mwendo ili awahi kurudisha chombo. Kesho yake kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, na aliye mnyonge kuliko wote ndiye anayelipa.

HOJA ZISIZO NA MSINGI

Hoja ya kwanza ya watetezi wa kukisia ni kwamba dereva hana muda. Dereva huyo huyo husubiri abiria kijiweni, na huo ndio muda wa kupima. Dakika kumi za leo haziwezi kulinganishwa na siku nne za injini iliyofunguliwa na kutandazwa juu ya gunia.

Hoja ya pili ni kwamba chupa ya lita moja ndiyo kipimo chenyewe. Chupa ni kipimo cha muuzaji. Injini hazilingani, zipo zinazotaka pungufu ya chupa na zipo zinazotaka zaidi, na injini ile ile hutofautiana kwa kadiri oili ya zamani ilivyotoka au kubaki.

Hoja ya tatu, inayopendwa kuliko zote, ni kwamba pikipiki za siku hizi ni mbovu, na spea zake ni mbovu. Bila shaka spea duni zipo na zinastahili kupigwa vita. Lakini aliyemimina bila kupima hana haki ya kumlaumu mtengenezaji wa India au wa China kabla hajajiuliza yeye mwenyewe alitenda nini. Tena pistoni na ringi hizo huagizwa kutoka nje, kwa fedha za kigeni ambazo mkulima wa korosho na pamba alizitolea jasho. Kila injini inayouawa kwa kukisia huipeleka sehemu ya jasho hilo ng'ambo bure.

WAJIBU

Haitoshi kumkemea fundi wa gereji bubu. Fundi huyo alijifunza kwa kumtazama fundi mwingine, ambaye naye hakufundishwa. Chuo cha VETA kipo Chang'ombe, ndani ya Temeke yenyewe, na VETA inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mitaani. Hapana sababu ya fundi wa Tandika au wa Tegeta kuuogopa utaratibu huo, na hapana sababu ya wakufunzi kuwasubiri mafundi chuoni ilhali vijiwe vinajulikana vilipo.

Wanaouza pikipiki nao wana lawama yao. Kitabu cha maelekezo mara nyingi kimeandikwa kwa Kiingereza, na mara nyingi hubaki kabatini kwa tajiri au hutupwa pamoja na boksi. Muuzaji anayeweza kuchapisha matangazo ya Kiswahili kila kona ya mji hawezi kudai kwamba ameshindwa kuchapisha ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza kiasi cha oili na namna ya kuipima.

Wenye vyombo nao waandike katika mkataba kwamba kila oili inapobadilishwa, tajiri au mwakilishi wake na dereva washuhudie kipimo, na tarehe iandikwe. Vyama vya madereva vijenge katika kila kijiwe kipande cha sakafu ya saruji iliyonyooka, ambapo pikipiki itasimama wima na kupimwa. Gharama yake, ikigawanywa kwa wanachama wote, ni ndogo kuliko pistoni moja. Na kila anayepokea pikipiki, awe mwenyewe au deiwaka, asiiondoe kabla ya kutazama oili.

Anayedhani kwamba elimu ya namna hii haiwezi kuwafikia watu wengi na akumbuke kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kwa redio, vitabu vyepesi na vikundi vya kujisomea, watu wapatao milioni mbili walijifunza namna ya kujikinga na maradhi, na vyoo vikachimbwa vijijini kwa wingi. Nchi iliyoweza kufanya hivyo wakati redio yenyewe ilikuwa ikisikilizwa kwa zamu haiwezi kushindwa kuwafundisha vijana wa vijiweni kusoma alama mbili juu ya kijiti.

Dereva naye asisubiri tajiri, fundi wala muuzaji. Kijiti kipo mkononi mwake na kitambaa hakimgharimu kitu. Asikubali kuambiwa "tayari" na mtu ambaye hajapima, na asilipe ujira kabla hajaona kwa macho yake oili imesimama wapi. Fundi atakayechukizwa na sharti hilo amejitambulisha mwenyewe. Na aachwe na mtaro wake.