Mazungumzo Chomboni na Itikadi ya Kisirani

Wako wavuvi wetu ambao, wakitoka na mishipi, humkataza mwenzao kusema. Wakirejea bila ya samaki, aliyesema ndiye kisirani. Hupunguziwa fungu lake, au hachukuliwi tena. Twawauliza: dalili yenu ni ipi?

Samaki husikia, hilo hatulikatai. Mwenyezi Mungu amemjaalia vijiwe vya kusikilia ndani ya kichwa chake, na sauti majini huenda kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Lakini sauti ya mtu aliyekaa chomboni hugonga uso wa maji, na sehemu kubwa hurudi juu. Kifikacho chini ni kishindo: pondo kuangushwa, kasia kugongwa ubavuni. Basi mbona mpiga kishindo haulizwi, akaulizwa msemaji? Na wavuvi wa kigumi hupiga maji kwa makusudi ili samaki wakimbilie nyavuni (uvuvi huo una ubaya wake kwa matumbawe, si maneno ya leo). Kelele hiyo haikuwa kisirani?

Kumbandika mwenzio nuhusi ni tiyara, aliyoikanusha Mtume (s.a.w.) katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Na katika Sura Yasin, waliowaambia Mitume kuwa wamewaletea nuhusi ni wale waliowakadhibisha. Mmeona mmejifananisha na nani?

Yako maneno ya kukatazwa chomboni, nayo ni kusengenya. Hayo husemwa tangu kutweka tanga hadi kulitua, wala nahodha hakemei. Aliyenyimwa fungu kwa kusema, apewe leo. Ni haki yake, na watoto wake wanaingoja.