Agra: Kaburi la Mama wa Watoto Kumi na Wanne

Wengi wetu tunaofika India hatuendi kutalii. Tunampeleka mgonjwa. Tunafika Delhi na faili la hospitali kwapani, fedha zilizohesabiwa hadi noti ya mwisho, kisha tunakaa kwenye nyumba ya wageni karibu na hospitali tukisubiri majibu ya vipimo. Katika kusubiri huko hutokea siku ya wazi. Daktari anasema, rudini keshokutwa. Mgonjwa amepata nafuu, anataka kulala tu, na wewe umebaki unaangalia dari. Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya siku hiyo, kwa sababu iko namna nzuri ya kuitumia, nayo ni kwenda Agra asubuhi na kurudi usiku.

Mimi nilikuwa nimemsindikiza wifi yangu. Binti yake alikuwapo wa kukaa naye, naye mwenyewe ndiye aliyenisukuma. "Nenda wifi," aliniambia, "mimi miguu haina nguvu. Utakuja kunisimulia." Basi nikaenda, na haya ndiyo niliyomsimulia, pamoja na mengine niliyoyasoma baadaye.

Agra iko kusini mwa Delhi, zaidi ya kilomita 200. Ipo treni ya mwendo kasi iliyoanza mwaka 2016 ambayo hufika kwa muda wa kama dakika 100, na ipo barabara kuu ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2012. Lakini kwa mama aliye mgeni, asiyejua lugha wala mitaa, rahisi zaidi ni kujiunga na ziara ya siku moja ya basi dogo, yenye dereva na mwongoza watalii. Wanakuchukua mlangoni kabla ya saa 12 asubuhi na kukurudisha mlangoni. Mambo mawili usiyasahau. Kwanza, Taj Mahal hufungwa kila Ijumaa. Pili, miezi ya Mei na Juni joto hupita nyuzi 40, na Desemba na Januari ukungu wa asubuhi unaweza kuwa mzito hata usione jengo lenyewe.

Mgeni hulipa rupia 1,100, na nyingine 200 akitaka kuingia ndani penye makaburi. Mwenyeji hulipa 50. Watu wengine katika basi letu walinung'unika juu ya tofauti hiyo. Mimi niliona ni haki, kwa kuwa mwenye nyumba halipi sawa na mgeni. Watoto wa chini ya miaka 15 hawalipi. Mlangoni wanawake wana mstari wao na hukaguliwa na askari wa kike. Chakula hakiruhusiwi kuingia. Mama mmoja wa Mombasa, ambaye naye alikuwa na mgonjwa Delhi, alikuwa amebeba chapati na mayai ya kuchemsha ya kutosha basi zima, ikabidi vyote virudi kwenye gari. Tulicheka, maana "chapati" na "gari" ni maneno tuliyoyapata kwa watu hao hao wa India, na askari aliyelisikia la kwanza hakuhitaji mkalimani.

Juu ya uzuri wa Taj Mahal sitasema mengi. Picha zake mmeziona kwenye kalenda na makopo ya majani ya chai. Picha hazionyeshi ukubwa tu. Kuba na msingi wake hufika mita 73 hivi kwenda juu. Marumaru yote meupe yaliletwa kutoka Makrana huko Rajasthan, na ukisogea karibu unaona kwamba maua yaliyo ukutani hayakupakwa rangi. Ni vipande vya mawe ya thamani, vingine vyembamba kama kucha, vilivyochongwa na kupachikwa ndani ya marumaru kimoja kimoja. Mwanamke anayejua kudarizi atasimama hapo kwa muda mrefu kuliko mumewe.

Mwongoza watalii wetu alikuwa kijana mwenye adabu, mwenye kitambulisho cha serikali shingoni (mdai hicho kabla ya kumlipa mtu yeyote). Alituketisha kivulini akatueleza habari ya mapenzi. Mfalme Shah Jahan wa ukoo wa Mughal alimposa Arjumand Banu mwaka 1607, wakaoana mwaka 1612. Baadaye aliitwa Mumtaz Mahal. Mfalme alikuwa na wake wengine, lakini karibu watoto wake wote walizaliwa na huyu mmoja. Alikwenda naye kila mahali, hata vitani. Mwaka 1631, wakiwa Burhanpur, mji wa kusini ulio mamia ya kilomita kutoka Agra, Mumtaz alishikwa na uchungu wa mtoto wa 14, akajifungua binti, naye akafariki. Alikuwa na miaka 38. Mfalme aliomboleza hata, kama walivyoandika watu wa wakati wake, nywele zake zikageuka nyeupe. Mwaka uliofuata kazi ya kaburi ilianza. Watu wapatao 20,000 walifanya kazi hapo, na eneo lote likakamilika mwaka 1653.

Alipomaliza, watalii wengine walipiga makofi. Mama wa Mombasa akaniinamia. "Dada, hebu hesabu," akasema. "Ndoa miaka 19, watoto 14. Huyu alipumzika lini?"

Nilihesabu. Hakupumzika. Nimesoma tangu hapo na picha imezidi kuwa nzito. Mwaka 1622 mumewe, akiwa bado mwana wa mfalme, alimwasi baba yake, na kwa miaka kama minne familia ilitangatanga kutoka jimbo hadi jimbo. Mumtaz alijifungua safarini. Mwanawe Aurangzeb alizaliwa Dahod mwaka 1618 katika safari, na Murad alizaliwa mwaka 1624 katika ngome ya Rohtas, wakati wa kukimbia. Kati ya wale 14, waliokua ni saba. Makaburi mengine saba yeye ndiye aliyeyalilia, na kaburi lake likajengwa na mwingine.

Mama wa Mombasa alimuuliza kijana swali lile lile kwa Kiingereza. Kijana akajibu kwa upole kwamba malkia alikuwa na matabibu, wakunga na watumishi wengi. Ni kweli, alikuwa nao. Lakini mtumishi hamchukulii mtu mimba. Sisemi kwamba mfalme hakumpenda mkewe. Nadhani alimpenda sana, na nadhani pia kwamba katika dunia ile hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kumpenda mke ni pamoja na kumwacha mwili wake upone. Kina mama wenzangu, hilo tulizungumze na waume zetu tukiwa hai, sebuleni, bila marumaru. Matajiri wa karne ya 17 hawakuwa na damu ya kuongezewa wala dawa ya kuzuia damu baada ya kuzaa; sisi tunavyo, pale vinapofika kwa wakati. India yenyewe, kwa takwimu zake za 2018 hadi 2020, ilipoteza akina mama 97 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Kwetu Tanzania utafiti wa mwaka 2022 ulitoa 104, wakati ule wa 2015 na 2016 ulikuwa umetoa 556. Kila mmoja wa hao waliobaki katika hesabu ana nyumba iliyomngoja arudi na mtoto.

Ndani ya kuba mnavua viatu au mnavivika mifuko ya kitambaa, kisha mnapita kimya. Yale mnayoyaona ni makaburi ya kuonyesha tu; wenyewe wamelazwa chumba cha chini. La Mumtaz liko katikati kabisa. La mumewe liliongezwa alipofariki, likawekwa pembeni, nalo ni kubwa zaidi. Katika jengo lile ambalo kila upande unalingana na mwenzake, kitu pekee kilichokaa kombo ni kaburi la mfalme.

Mtasikia pia kwamba mfalme aliwakata mikono mafundi ili wasijenge jengo jingine kama lile. Msiwapelekee watoto hadithi hiyo. Hakuna ushahidi wowote, na Ustad Ahmad Lahori, anayetajwa kuwa mkuu wa wachoraji wa Taj Mahal, anatajwa vilevile kwa ngome nyekundu ya Delhi iliyoanza kujengwa mwaka 1639, wakati kazi ya Agra ilikuwa ikiendelea.

Jambo moja lilinifurahisha. Moshi wa viwanda na magari uliyafanya marumaru kuwa ya manjano, mpaka mwaka 1996 Mahakama Kuu ya nchi ikaamuru viwanda vya eneo lile viache kutumia makaa ya mawe au vihame. Na dawa ya kusafisha ukuta ni nini? Udongo laini ambao wanawake wa India wamejipaka usoni tangu zamani. Wanaukandika ukutani, wanauacha ukauke, kisha wanauosha kwa maji. Wataalamu wote wale, na dawa ikatoka kwenye kibakuli cha bibi.

Baada ya hapo, jiandae: kila ziara hupita kwenye duka la marumaru. Mtaoneshwa mafundi wakikata mawe, mtapewa chai, na bei zitaanzia mbinguni. Kunywa chai, shukuru, usione haya kutoka mikono mitupu. Ukitaka kununua kisahani, omba kukitazama kwenye taa: marumaru ya Makrana hupitisha mwanga kidogo. Jiwe laini la bei rahisi hukwaruzika kwa ukucha au ufunguo, na muuzaji mwaminifu atakuruhusu ujaribu upande wa chini.

Alasiri tulipelekwa kwenye Ngome ya Agra, na kwangu mimi hapa ndipo ziara ilipokuwa na uzito wa pekee. Ni ngome ya mawe mekundu iliyojengwa na mfalme Akbar kuanzia mwaka 1565, yenye kuta za mzunguko wa kilomita mbili na nusu. Juu yake, upande wa mto Yamuna, kuna mnara wa marumaru wenye pembe nane. Kutoka hapo unaiona Taj Mahal ng'ambo ya kona ya mto, ndogo na nyeupe. Shah Jahan alifungiwa katika ngome hii tangu 1658 hadi alipokufa Januari 1666. Aliyemfungia ni mwanawe Aurangzeb.

Wana wanne wa Mumtaz, tumbo moja, walipigania kiti cha baba yao alipougua. Aurangzeb alishinda. Dara, mkubwa, aliuawa mwaka 1659. Murad aliuawa mwaka 1661. Shuja alikimbilia Arakan, huko upande wa Burma, asirudi tena. Nilifikiri juu ya yule mama aliyewabeba wote wanne barabarani na mahemani. Kifo kilimwepusha na kuyaona hayo.

Aliyebaki na baba ni binti, Jahanara. Mama yake alipofariki alikuwa na miaka 17, na siku ile akawa mkuu wa nyumba ya kifalme, mlezi wa wadogo zake na mfariji wa baba aliyevunjika moyo. Wale tuliokulia nyumba ambazo dada mkubwa ndiye mama tunamjua mtu huyu. Baba alipofungwa, Jahanara angeweza kwenda kwa ndugu aliyeshinda, kama alivyokuwa upande wake dada yao Roshanara. Alichagua kuingia kifungoni na mzee, akamuuguza miaka karibu minane. Baadaye Aurangzeb mwenyewe alimrudishia heshima zake. Alifariki mwaka 1681, na kaburi lake liko Delhi, mtaa wa Nizamuddin: halina kuba, na juu yake pameachwa wazi paote majani.

Muda ukiruhusu, ombeni mpelekwe kwenye kaburi la Itimad-ud-Daulah ng'ambo ya mto. Ni dogo na tulivu, na lilijengwa na malkia Nur Jahan, shangazi yake Mumtaz, kwa ajili ya baba na mama yake, kati ya 1622 na 1628, kabla ya Taj Mahal. Na liko jingine ambalo ziara nyingi hazifiki, katika makaburi ya Wakatoliki mjini. Mwanajeshi Mholanzi, John Hessing, alifia Agra mwaka 1803, na mjane wake akamjengea kaburi kwa mfano wa Taj Mahal, ila dogo na la mawe mekundu, maana ndiyo aliyoyamudu.

Njiani kurudi, dereva atasimama mnunue petha. Ni vipande vya boga jeupe vilivyolowekwa maji ya chokaa vikakaza, kisha vikachemshwa kwenye sukari hadi viwe kama barafu inayoangaza. Chukueni ile kavu, hukaa siku nyingi. Yenye maji itavuja ndani ya sanduku. Wifi yangu alikula vipande vitatu, akasema ni tamu mno, akaomba cha nne.