Onyo Asilolisoma Fundi wa Tangi la Samaki

Wapo wakazi wa mijini wanaonunua matangi ya samaki ya kioo yaliyokwisha kutumika, kwani bei ya tangi jipya si ya kila mfuko. Sioni kosa katika hilo. Kioo hakizeeki upesi. Kinachochakaa ni gundi ya silikoni inayoshikanisha pembe zake. Asiyejua hayo humwita fundi, naye fundi hupaka gundi mpya juu ya kuukuu, akapokea ujira wake na kwenda zake. Haupiti muda maji yakaanza tena kutiririka sakafuni, maana silikoni mbichi haishikamani barabara na ile iliyokwisha kukauka. Sharti ya zamani ikwanguliwe yote kwa wembe, kioo kisuguliwe kwa spiriti, ndipo ipakwe nyingine na kuachwa siku kadhaa ikauke.

Lakini kuvuja ni dogo. Silikoni nyingi za bafuni na jikoni zinazouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi hutiwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo yaweza kuingia majini na kuua samaki. Aghalabu onyo huwapo ubavuni mwa tyubu. Ila huandikwa kwa Kiingereza, tena kwa herufi ndogo mithili ya chawa. Jirani yangu alipoteza samaki wake wote kwa njia hiyo, na lawama zikamwangukia fundi. Mimi simlaumu. Mkono wake ni hodari. Alichonyimwa ni sentensi moja kwa lugha anayoisoma.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 46 nacho kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zitakazomwezesha kunufaika kikamilifu na bidhaa. Je, habari isiyoeleweka ni habari ya namna gani? Najua wapo wenzangu watakaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya. “Usitumie kwa tangi la samaki” ni maneno matano, na hakuna hata moja linalohitaji kamusi. Mwagizaji wa bidhaa anayeweza kubandika bei juu ya tyubu hashindwi kubandika maneno hayo.

Kwa sasa, mwenye tangi na aisome tyubu mwenyewe, amfasirie fundi kabla kazi haijaanza. Kisha tangi lijazwe kwanza nje ya nyumba: lita 100 za maji zina uzito wa kilo 100, na sebuleni si mahali pa kuzijaribia.