Mechi ya Mnyama na Wananchi isiyo na refa

Jioni ya dabi ya Kariakoo kuna mashabiki ambao hawapo Benjamin Mkapa, wala hawapo kwenye kibanda umiza. Wapo mashambani, bonde la Mto Rufiji, wamekaa juu ya dungu. Redio ndogo imening'inizwa kwenye nguzo, sauti imepunguzwa ili sikio moja limsikilize mtangazaji na jingine liusikilize mpunga. Mtangazaji akipaza sauti kwamba Mnyama anashambulia, wanajua ni yule wa Msimbazi. Mpunga ukitikisika gizani, hapo utani umekwisha.

Tangu Sunderland ilipochukua jina la Simba mwaka 1971, jina hilo limekuwa furaha ya nusu ya nchi na kero ya nusu nyingine. Watani wao wa Jangwani wanajiita Wananchi. Mjini, Mnyama akikutana na Wananchi, kinachouma zaidi ni matokeo na kejeli za Jumatatu kazini. Lakini katika kata ya Ngorongo wilayani Rufiji, na katika vijiji vingine vya bonde hilo hadi kushuka delta ya Kibiti, maneno hayo mawili si majina ya utani. Mnyama ni mnyama, wananchi ni wananchi, na mechi yao huchezwa usiku, bila taa, bila refa.

Linaletwa suala hili kwenye kurasa za michezo kwa sababu uwindaji nao ni mchezo, na kama mchezo wowote una vifaa vyake. Wawindaji wa Marekani wanaopanda milima kwa siku kadhaa kutafuta kongoni wa kwao siku hizi wanabeba hema la aina yake: jepesi, lenye mlingoti mmoja katikati, lisilo na sakafu kabisa. Ndani yake wanaweka jiko dogo la kuni, la chuma chembamba au titaniamu, linalokunjwa likaingia kwenye begi la mgongoni. Bomba lake la moshi hukunjwa kama mkeka na kutokea juu kupitia kiraka cha kitambaa kisichoshika moto. Hema na jiko kwa pamoja vinaweza kuwa na uzito wa kilo tatu au nne tu.

Hesabu yao ni nzuri. Sakafu ni uzito usio na kazi. Bila sakafu, mtu anaingia na viatu vyenye tope au theluji, anawasha moto, anakausha soksi, anapika chai, analala. Wazo lenyewe si geni: Wahindi Wekundu wa nyanda za Marekani waliishi kwenye mahema ya ngozi yenye moto katikati, na Wasaami wa kaskazini ya Ulaya walikuwa na ya kwao. Adui wa watu hao wote ni mmoja, baridi. Ukishaipiga baridi, umeshinda mechi.

Sasa mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitakuwa wenyeji wa AFCON. Wageni watakuja na mahema yao, na wengine watataka kuvuka kutoka viwanjani kwenda porini, na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ipo jirani na Ngorongo. Wafanyabiashara wa vifaa wataona soko. Si ajabu mtu akasema hema la namna hiyo ndilo jibu kwa kila anayelala porini, wakiwemo wakulima.

Hapana. Kila uwanja una kiatu chake. Mchezaji aliyezoea nyasi bandia akiingia na viatu vile vile kwenye uwanja wa tope wakati wa masika, dakika ya kumi yuko chali. Makete, baridi ya Julai inapouma, hema lenye jiko lingekuwa na maana. Rufiji adui si baridi. Adui ni maji yanayopanda, mbu, nyoka, kiboko anayetoka mtoni kuja kula mpunga, nguruwe pori, tembo na, ndiyo, simba. Hema lisilo na sakafu linamlaza mtu chini, sawasawa na wote hao, na kitambaa ndicho kitasa pekee kilichobaki kati yake na wao. Tena ukilifunga vizuri ili mbu wasipite huku jiko linawaka, unakaribisha kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua mtu usingizini.

Watu wa Rufiji walilijua hili kabla titaniamu haijafika kwenye begi la mtu yeyote. Ndiyo maana wakajenga dungu: nguzo, ulingo ulioinuliwa juu, paa la nyasi au makuti, ngazi. Kwa lugha ya mpira, dungu ni mfumo uliotungwa kwa kumsoma mpinzani. Mmarekani ametoa sakafu kwa sababu haimsaidii. Mrufiji ameinua sakafu kwa sababu ndiyo inayomwokoa. Maji yakija yanapita chini. Nguruwe akija anaonekana mapema. Moto wa chini unatoa moshi unaopunguza mbu, na mwanga unaosema hapa kuna mtu.

Tatizo ni kwamba madungu mengi siku hizi si madungu tena, ni vibanda. Miti mizuri iko mbali, nguvu kazi ni ndogo, msimu ni mmoja, basi mtu anasimamisha vijiti vinne, anatandika nyasi, analala karibu na ardhi au chini kabisa. Huyo ni beki aliyeingia uwanjani peku.

Na takwimu zipo. Mwaka 2005 watafiti Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir walichapisha katika jarida la Nature hesabu ya miaka 15: tangu 1990, simba walikuwa wameua zaidi ya Watanzania 563 na kujeruhi wasiopungua 308. Sehemu kubwa ya mashambulizi hayo ilitoka wilaya za kusini na pwani, Rufiji ikiwemo. Mashambulizi yalizidi wakati wa mavuno, Machi hadi Mei, watu wanapolala mashambani kulinda mazao. Na mazao yanalindwa dhidi ya nani? Zaidi ya wote, dhidi ya nguruwe pori. Nguruwe anafuata mpunga na mahindi, simba anamfuata nguruwe, na katikati yao amelala mkulima kwenye kibanda cha nyasi.

Wazee wa Rufiji hawahitaji jarida kuwakumbusha. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba mmoja aliua watu wapatao 35 katika vijiji vya wilaya hiyo. Wananchi walimpa jina la Osama. Alipouawa na askari wa wanyamapori Aprili 2004 alikutwa na jipu kubwa chini ya gego lililopasuka. Watu 35 ni vikosi viwili vya mpira na wachezaji wote wa akiba wa timu moja, na bado wanabaki. Ingekuwa ajali ya basi la timu, nchi nzima ingesimama.

Kuna watakaosema hayo ni ya zamani, simba wamepungua na Osama kazikwa. Kweli, mwaka kama ule haujajirudia Rufiji. Lakini timu haivunji ukuta wake kwa sababu msimu uliopita haikufungwa. Sababu zilizomlaza mkulima shambani bado zipo zote. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, Operesheni Rufiji iliwahamisha watu kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu, lakini ardhi yenye rutuba ikabaki bondeni. Nyumba ikawa huku, shamba kule. Tangu hapo mkulima anacheza ugenini kwenye shamba lake mwenyewe, na msimu ukifika inabidi ahamie huko na familia, mara nyingine na watoto wanaotakiwa kuwa shuleni. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoikumba Rufiji na Kibiti, yakazamisha nyumba na mashamba na kupeleka familia kambini, yalionyesha kwa nini kurudi kuishi bondeni moja kwa moja si jibu rahisi. Na kukaa kijijini ukaliacha shamba usiku ni kuwaachia nguruwe goli tupu.

Nguruwe naye ana raha zake Rufiji. Wakazi wengi ni Waislamu, hawamli, kwa hiyo hakuna anayemfuata kwa ajili ya kitoweo. Simba analindwa na sheria, nguruwe analindwa na kukosa mteja. Hapo ndipo mchezo wa uwindaji unapoweza kuwa na faida kwa Ngorongo, na hapo ndipo wenye mahema mepesi wanakaribishwa.

Maana Ngorongo haianzi leo kuujua uwindaji. Jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya JUHIWANGUMWA imebeba ndani ya jina lake Ngorongo, Utete na Mwaseni. Jirani yake lilikuwa Pori la Akiba la Selous, lililopewa jina la mwindaji Frederick Selous aliyeuawa vitani Beho Beho Januari 4, 1917. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na ndani ya hifadhi ya taifa bunduki ya mwindaji hairuhusiwi. Uwindaji wa kitalii umebaki kwenye mapori ya akiba na kwenye ardhi za jumuiya, kwa leseni na kwa mgawo. Jumuiya zinapata sehemu ya fedha hizo. Swali la mwananchi ni fupi: kwenye fedha hizo, dungu liko wapi?

Mambo manne yanawezekana bila kusubiri mfadhili wala kongamano.

Kwanza, jumuiya na halmashauri zikubaliane kuhusu dungu bora: ulingo uliopanda juu kuliko mtu aliyesimama, ukuta wa fito pande zote, mlango unaofungwa, ngazi inayovutwa juu usiku, chandarua ndani. Hakuna kifaa hapo kinachoagizwa nje. Ni miti, kamba, misumari na fundi. Miti ivunwe kwa kibali na kwa mpango, isije ikawa kisingizio cha kumaliza mikoko ya delta.

Pili, madungu yasitawanyike. Mtu mmoja mmoja katikati ya mpunga ni ukabaji wa mtu kwa mtu dhidi ya mpinzani mwenye kasi kuliko wewe. Mashamba yanayopakana yajenge madungu yanayoonana, walinzi wakae kwa zamu, mmoja akipiga debe wote wanaamka. Huo ni ukabaji wa eneo, na kila kocha wa daraja la nne anaujua.

Tatu, mgawo wa uwindaji umtazame nguruwe pori. Mgeni mwenye leseni anayetaka nyara ya nyati asaidie pia kumpunguza nguruwe kando ya mashamba kabla ya mavuno, chini ya usimamizi wa askari wa wanyamapori. Nguruwe akipungua shambani, simba hana cha kufuata huko.

Nne, fedha za jumuiya zibandikwe ukutani, ofisi ya kijiji, kama msimamo wa ligi unavyobandikwa kwenye kijiwe cha kahawa. Kila mtu aone kiasi kilichoingia, kilichotoka, na kilichokwenda kwenye ulinzi wa mashamba.

Serikali itasema kuna kifuta jasho na kifuta machozi. Vipo, na ni haki. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni 1 kwa familia iliyopoteza mtu. Lakini hata kiwango hicho kikipandishwa mara kumi, kifuta machozi kinalipwa baada ya filimbi ya mwisho. Dungu imara ni kazi ya kabla ya mechi, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya milioni hiyo.

Wapo pia wa kuulizwa nje ya serikali. Matawi ya mashabiki wa Simba na Yanga yamejaa nchi nzima, na kila mwaka yanachangia damu, yanatembelea hospitali, yanafanya usafi. Ni jambo la kupongezwa. Tawi moja la Msimbazi na moja la Jangwani wakiamua msimu ujao kushindana kwa idadi ya madungu waliyochangia Rufiji, misumari na vyandarua na tochi, huo utakuwa utani wa jadi wenye faida. Klabu iliyojipatia utajiri wa jina kwa mnyama huyu ina deni dogo kwa watu wanaolala naye jirani. Na klabu inayojiita ya Wananchi haiwezi kuuliza wananchi gani.

Mgeni wa AFCON aje na hema lake na jiko lake la kukunja, atambe nalo kambini. Akifika Ngorongo aelekezwe kwanza juu ya dungu akaone kwa nini watu wa huko hawakuitoa sakafu. Na siku ya dabi inayoangukia msimu wa mavuno, shabiki wa bondeni aweze kuongeza sauti ya redio kidogo, kwa sababu ngazi imeshavutwa juu, mlango umefungwa, na jirani wa dungu la pili yuko macho.