Hesabu si bunduki



Mwanafunzi mumoja aliandika programu ya kuficha ujumbe, akauliza serikali yake kama anaweza kuitoa. Wakamujibu: hii ni silaha, omba ruhusa kama muuza silaha. Haikukuwa Kinshasa. Ilikuwa Marekani, 1992. Daniel Bernstein alikuwa anasoma hesabu kule Berkeley. Hata karatasi yenye kueleza tu ile njia, nayo ikaingizwa kwenye liste ya silaha. Mu 1995 akashitaki serikali, na mu 1999 tribinali ya rufaa ikasema kode ni maneno, ilindwe kama maneno ya mutu.

Phil Zimmermann naye, mwenye kutengeneza PGP, alifanyiwa uchunguzi miaka karibu tatu, mpaka 1996. Katikati ya ile fujo, 1995, kode yote ya PGP ikachapishwa kama kitabu. Disketi ilikatazwa kuvuka mupaka, kitabu kikapita. Maneno ni yale yale! Ni nani alikuwa analindwa hapo?

Lakini kwetu, yenye kuuma zaidi ni ya Cleveland. Peter Junger, profesere wa sheria, alikataa kupokea wanafunzi wa inchi zingine mu kozi yake, sababu kuonyesha mugeni kode ilihesabiwa kama kuitoa inje ya inchi. Hakuwachukia. Aliogopa sheria, akaishitaki pia. Fikiria wewe, umefika na viza yako na diplome yako, unaachwa kwenye mulango juu ya paspoti.

Na usalama wenyewe? Programu za kuuza inje zililazimishwa kuwa na funguo dhaifu. Mu 2015 watafiti wakakuta servere nyingi za intaneti bado zinakubali zile funguo za bit 512, za Wamarekani wenyewe zikiwemo. Mulango ulioachwa wazi kwa mugeni, mwizi wa mutaa naye anaupitia.

Leo Marekani imelegeza mengi, hasa kuanzia 2000. Ila mu 2013 inchi za mapatano ya Wassenaar ziliongeza programu za kupenya simu na ordinatere. Nia ilikuwa muzuri, na sisi tunaiunga mukono: programu za kupeleleza raia zisiuziwe wadikteta. Lakini maneno yaliandikwa mapana sana, hata mutafiti mwenye kutumia mwenzake wa inchi ingine habari ya kosa alilogundua angeweza kuguswa. Watafiti wakapiga kelele, na 2017 yakarekebishwa. Njo maana hatusemi sheria zote zifutwe.

Tunasema zimufuate muuzaji na munjunuzi wake, zimwache mwanafunzi. Na mu yale mapatano, Afrika nzima, ni Afrika Kusini peke iko ndani. Kongo haimo. Kijana wa Goma mwenye kusoma kriptografia anafungwa na sheria yenye hakuna mutu wa kwao aliulizwa. Wenye kutuwakilisha inje waombe nafasi ya kusikilizwa pale, mbele orodha ingine haijaandikwa.